Bustani ya mvua ya mtaa kwa udongo wa Dodoma: mwongozo kamili wa kuchimba, kupanda na kutunza

Kila mvua zikikolea malalamiko ni yaleyale. Watu wamechimba bustani ya mvua, wamejichangisha, wamepanda na maua, afu wamebaki na dimbwi la mbu katikati ya mtaa. Au kinyume chake, mvua kubwa ya kwanza imebomoa kingo zote na udongo umehamia kwa jirani wa chini. Ukienda kuangalia kwa nini, mara nyingi ni vitu vitatu: hawakupima kama udongo unakunywa maji, sakafu ya shimo haiko levo, na hakuna mlango wa kutolea maji yakizidi. Kwa hiyo huu mwongozo utakaa sana hapo, mengine tutapita harakaharaka.

Kwa anayeanza, bustani ya mvua ni shimo pana lisilo na kina kirefu, lenye mimea, linalopokea maji ya paa au uwanja au kabarabara ka mtaa na kuyashika masaa machache mpaka ardhi iyanywe. Siyo bwawa. Ndani ya siku moja linatakiwa liwe kavu, siku mbili ndo mwisho kabisa.

Na kwa hapa kwetu kuna jambo la ziada. Mvua yetu ni kama milimita 550 mpaka 600 kwa mwaka mzima, lakini inashuka karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na inashuka kwa fujo juu ya ardhi iliyokanyagwa na kukauka miezi na miezi. Maji hayapati muda wa kuingia, yanakimbia yakichimba korongo. Maana yake bustani yako itazama masaa machache tu, ila itakaa na kiu zaidi ya nusu mwaka. Ukichagua mimea na matandazo kwa kufikiria maji tu, ikifika Agosti huna kitu.

## Vitu vya kuandaa

Tafuta hivi kabla hujaita watu, maana hakuna kitu kinachoua kazi ya kujitolea kama watu 20 wamesimama na sururu ni moja.

- Jembe, sururu, machepe, mtaimbo na toroli (mbili zikipatikana)
- Futi ya utepe, kamba ya manila, mambo (vigingi) za mbao kama 20
- Mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita 10 hivi, kwa ajili ya kupima levo
- Ndoo za lita 20, rula au kijiti ulichokipigia alama za sentimita
- Mawe ya ukubwa wa ngumi mpaka kichwa, na kokoto
- Mchanga wa mto, ule wa chembe kubwa
- Samadi iliyooza vizuri, ya mbuzi au ng'ombe
- Viroba vya salfeti, glavu, gambuti
- Miche (tutafika huko)
- Matawi ya miiba kwa ajili ya uzio

Samadi mbichi usiweke, itaunguza miche na maji yatakayojaa yatanuka mtaa mzima. Ikiwa bado ina joto ukitumbukiza mkono, iache.

## Hatua ya 1: Maliza mambo ya watu kwanza

Eneo ni la nani? Hilo swali lijibiwe kwenye kikao cha mtaa, mbele ya mwenyekiti na mtendaji, na liandikwe kwenye muhtasari. Kama ni pembeni ya barabara ya mtaa, hiyo ni hifadhi ya barabara, usiguse bila kuongea na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kama ni karibu na korongo au mto, kumbuka sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, kwa hiyo sogea au uliza kwanza kwa afisa mazingira wa Jiji.

Ulizia pia kama kuna bomba la DUWASA (mamlaka ya maji ya Dodoma) au waya wa umeme umepita chini. Fundi bomba wa mtaa huwa anajua kuliko ramani yoyote, ila usiishie kwake, pata neno la wahusika wenyewe.

Jambo lingine la kikao: nani atasafisha? Majina yawepo, siyo "wananchi wote", maana cha wote huwa hakina mwenyewe. Balozi mmoja na kaya tano au sita zilizo karibu inatosha, na kazi iwekwe ileile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ya usafi.

## Hatua ya 2: Chagua sehemu

Fuata maji yanakopita, siyo mahali panapopendeza. Kama ni kiangazi na huoni maji, angalia alama: mstari wa takataka zilizonasa kwenye uzio, mchanga laini uliotuama, mifereji midogo iliyochimbika yenyewe kwenye uwanja. Wazee waliokaa hapo muda mrefu watakuonyesha kwa kidole.

Halafu kataa sehemu hizi:

- Chini ya mita 5 kutoka ukuta wa nyumba. Nyumba ya tofali za udongo ipe hata zaidi, msingi ukilowa kila mvua nyufa zinafuata.
- Karibu na choo cha shimo au chemba. Acha mita 10 na kuendelea, na bustani isikae upande ambao maji yake yatatelemkia chooni.
- Karibu na kisima kifupi cha maji ya kutumia.
- Pale ambapo maji yanatuama siku tatu nne sasa hivi. Wengi wanapapenda hapo wakidhani ndo penyewe, kumbe hapo ardhi imeshakwambia kwamba hainywi.
- Sehemu ambazo watu wakichimba chemba wanakutana na maji mapema. Kuna maeneo ya mji wetu hayo maji yako juu sana wakati wa masika, na bustani ya hapo haitakauka hata ufanyeje.

Sehemu nzuri iko juu kidogo ya pale maji yanapoleta shida, ina mteremko mdogo, na ina pa kutolea maji ya ziada bila kuyarushia mtu.

## Hatua ya 3: Pima udongo unakunywa kiasi gani

Hapa usiruke hata kama una haraka.

Chimba kishimo cha upana wa sentimita 30 na kina kinachopita kidogo sakafu ya bustani itakapofikia, tuseme sentimita 40. Kina ni muhimu kwa sababu udongo wetu mwekundu mara nyingi juu ni laini, ukishuka unakutana na tabaka gumu linalogonga sururu ko-ko-ko, na hilo tabaka ndo litakaloamua, siyo udongo wa juu.

Jaza maji mpaka juu, yaache yanywee yote. Jaza mara ya pili, yaache tena. Jaza mara ya tatu, hapo sasa simamisha kijiti chenye alama na uanze kuhesabu muda. Angalia maji yameshuka sentimita ngapi kwa saa.

Kwa nini mara tatu? Kwa sababu ya mbuga. Ule udongo mweusi ukikauka unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia, ukimwaga ndoo mwezi wa tisa inapotea palepale na unafurahi kweli, ukitazama vizuri maji hayajanywewa, yamekimbilia kwenye ufa. Mvua mbili zikishapiga udongo unavimba, nyufa zinajifunga, na kuanzia hapo ni kama umemwaga maji kwenye beseni. Ukipima mara moja tu umedanganyika.

Majibu yako yasome hivi:

- Zaidi ya sentimita 5 kwa saa: udongo wa kichanga, unakunywa sana. Ongeza samadi tu ili mimea isife kwa kiu.
- Sentimita 1.5 mpaka 5 kwa saa: hapo umepata, endelea.
- Kati ya 1 na 1.5: inawezekana, ila maji yasisimame zaidi ya sentimita 15 na utalazimika kubadili udongo wa kupandia.
- Chini ya 1: tafuta sehemu nyingine. Kuna watakaokushauri uchimbe zaidi uweke kokoto chini, lakini kama chini hapanywi umetengeneza tangi lililofichwa, basi.

Kama hujui udongo wako ni wa aina gani, chukua chupa ya lita moja na nusu, weka udongo theluthi, jaza maji, tikisa kweli, iache mezani. Mchanga unatua ndani ya dakika moja mbili, tope laini linafuata baada ya masaa, mfinyanzi unabaki umechafua maji mpaka kesho yake. Ukiona tabaka la mchanga ndo nene kuliko yote, una bahati.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya ukubwa

Hesabu ni rahisi kwa sababu milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Hakuna fomula nyingine ya kukumbuka.

Tuchukue mfano wa ofisi ya mtaa yenye paa la mita za mraba 120 na uwanja uliokanyagwa wa mita za mraba 200, na tunataka kushika mvua ya milimita 30.

Paa: 120 × 30 = lita 3,600. Bati linaachia karibu maji yote, tuchukue asilimia 90, ni lita 3,240.

Uwanja: 200 × 30 = lita 6,000. Uwanja wa udongo unakunywa kidogo, tuchukue nusu, lita 3,000.

Jumla ni lita 6,240, yaani mita za ujazo 6.24. Kama maji yatasimama sentimita 20, gawanya 6.24 kwa 0.2 unapata mita za mraba 31 na kidogo. Kwa hiyo bustani ya mita 4 kwa 8 inatosha.

Huna nafasi hiyo? Usikimbilie kuongeza kina. Punguza maji yanayoingia, labda paa peke yake, yale ya uwanja yaendelee na njia yake. Bustani ndogo inayofanya kazi itawavutia watu wachimbe ya pili. Kubwa iliyogeuka dimbwi itafukiwa mwaka uleule.

## Hatua ya 5: Alama na levo

Upande mrefu wa bustani ukate mteremko, usifuate mteremko. Ukiuelekeza kufuata mteremko maji yote yatajazana mwisho wa chini na juu kutabaki kukavu.

Chomeka mambo, funga kamba. Sasa levo: chukua ule mpira unaoonyesha ndani, ujaze maji, mtu mmoja ashike ncha huku mwingine kule. Maji kwenye ncha zote mbili yanasimama usawa mmoja siku zote, kwa hiyo unapiga alama kwenye mambo palipo na maji na una levo ya uhakika bila kifaa cha maelfu. Ila angalia povu la hewa ndani ya mpira, ukiwa na povu moja tu limekwama katikati levo inakudanganya sentimita kadhaa. Ligongegonge mpaka litoke.

Macho usiyaamini. Kwenye eneo la mita 8, tofauti ya sentimita 10 huioni kabisa, na hiyo ni nusu ya kina chako.

## Hatua ya 6: Chimba

Wakati mzuri ni Septemba mpaka Novemba, kabla mvua hazijaanza. Ardhi itakuwa ngumu kama sakafu, kwa hiyo mwagia maji jioni ya siku ya kabla, asubuhi sururu itaingia.

Chimba kina cha sentimita 25 hivi, ukiongeza na unene wa udongo wa kupandia wa hatua ya 8, kingo ziwe za kulala, siyo wima. Kingo wima zinabomoka na watoto wanatumbukia. Udongo wa juu uweke rundo lake, wa chini rundo lake, usichanganye.

Udongo wa chini ndo unajengea tuta upande wa mteremko. Tuta liwe na upana wa sentimita 80 chini, lijengwe kwa matabaka ya sentimita 10 hadi 15, kila tabaka lowesha kidogo na shindilia kwa miguu. Tuta lililorundikwa mara moja bila kushindilia linakatika mvua ya kwanza, na likikatika maji yanatoka yote kwa mpigo.

Sakafu ni kinyume chake. Usiishindilie kabisa. Usiingize greda wala kijiko ndani, na hata watu wasipitepite bila sababu, maana udongo uliokandamizwa haunywi na kipimo chako cha hatua ya 3 kinakuwa hakina maana. Ukimaliza kuchimba, tifua sakafu kwa sururu sentimita 20 kwenda chini huku ukirudi nyuma, usikanyage ulipotifua.

Pima levo tena kwenye pembe zote nne na katikati. Ikipishana zaidi ya sentimita 2 rekebisha.

## Hatua ya 7: Mlango wa kuingia, mtego wa mchanga, mlango wa kutoka

Maji ya mtaa wa Dodoma hayaji peke yake. Yanakuja na mchanga, tena mwingi, na mchanga laini ndo unaoziba bustani ndani ya msimu mmoja. Kwa hiyo pale maji yanapoingilia weka kashimo ka kunasia mchanga: mita 1 kwa 1, kina sentimita 40, zungushia mawe. Maji yanafika yanapunguza mbio, mchanga unatua, yanafurika kwenda kwenye bustani yakiwa mepesi. Huo mchanga ukijaa usiumwage, mafundi wa mtaa wataugombania.

Kutoka kwenye kashimo mpaka sakafuni panga mawe, makubwa chini, madogo juu, ili maji yasichimbe.

Mlango wa kutokea unawekwa upande wa pili mbali na wa kuingilia. Ni sehemu ya tuta yenye upana wa kama sentimita 60 ambayo iko chini ya kichwa cha tuta kwa sentimita 10, imetandikwa mawe mpaka nje. Urefu wa mdomo huu kutoka sakafuni ndo kina cha maji yako: kama ulipiga hesabu ya sentimita 20, mdomo uwe sentimita 20. Hakikisha maji yakitoka yanaelekea kwenye mtaro au njia yake ya zamani. Ukiyaelekeza kwa jirani, kesi itafika kwa mtendaji kabla mvua haijakata.

## Hatua ya 8: Udongo wa kupandia

Kama kipimo kilikuwa kizuri, usinunue kitu, rudisha udongo wa juu uliouweka pembeni ukichanganya toroli moja ya samadi kwa kila toroli tatu za udongo, unene wa sentimita 10 basi. Chimba ziada ya huo unene ili kina kisipungue.

Kama ulikuwa kwenye 1 mpaka 1.5, toa sentimita 30 zaidi na ujaze mchanganyiko wa mchanga wa mto sehemu 5, udongo wa juu sehemu 3, samadi sehemu 2. Udongo wa mbuga usiingie hata toroli moja.

## Hatua ya 9: Jaribu kabla ya kupanda

Omba boza, au kila kaya ilete madumu mawili matatu. Miminia maji kwenye kashimo ka mchanga, siyo moja kwa moja ndani, na simama utazame. Maji yanatakiwa yatandae sakafu nzima karibu kwa pamoja. Yakikimbilia kona moja, levo bado. Yakichimba mtaro pale yanapoingilia, ongeza mawe. Angalia pia nje ya tuta kama kuna palipolowa, hapo panavuja, shindilia upya.

## Hatua ya 10: Panda

Subiri mvua zishike kidogo, mwishoni mwa Desemba. Ukipanda Novemba kwa mvua moja ya kupotea utamwagilia kwa ndoo mpaka uchoke.

Sakafuni, panapozama, weka nyasi za vetiva. Sioni mshindani wake: mizizi inashuka zaidi ya mita 2, inavumilia kuzama na inavumilia kiangazi. Gawanya mashina yenye vichipukizi viwili vitatu, kata majani yabaki sentimita 20, panda kwa nafasi ya sentimita 30. Kwenye mlango wa kutokea panda mstari mmoja wa kubanana, sentimita 15, utakuwa ukuta hai. Mabingobingo pia yanakubali, ila yanataka kukatwa mara kwa mara. Maua ya kana yanapendeza lakini kiangazi yatakauka juu, yatarudi mvua zikirudi.

Kwenye kingo, mchaichai. Juu ya tuta, ambako ni kukavu siku zote, mshubiri, mlonge uliopunguzwa usirefuke, rozimari. Mwarobaini au mti wowote mkubwa uwe mita 5 nje ya bustani.

Mboga usipande. Najua matembele yatakutamanisha, pale yatastawi kweli, lakini maji ya barabarani yanabeba oili ya bodaboda na kinyesi, na hutaweza kumzuia mtu asichume.

Matandazo ya majani makavu yanafaa kwingine, hapa mchwa wanayamaliza na yakibaki yanaelea yanaenda kuziba mlango. Tandaza kokoto kuzunguka miche, zinazuia jua kukausha udongo na hazielei.

Uzio wa miiba uwekwe siku hiyohiyo ya kupanda. Mbuzi hawasubiri kikao.

## Hatua ya 11: Msimu wa kwanza na baada yake

Baada ya kila mvua kubwa: zoa mchanga kwenye kashimo, toa chupa, mifuko na pampasi, rudisha mawe yaliyosogea. Kazi ya nusu saa kwa watu wawili.

Februari mvua huwa inakata wiki mbili au zaidi. Miche bado michanga, kwa hiyo mwagilia ndoo moja kwa kila mita ya mraba mara mbili kwa wiki mpaka mvua irudi. Kiangazi cha kwanza chote, mara moja kwa wiki. Mwaka wa pili vetiva haitakuhitaji.

Angalia sana maji ya bafuni na ya kufulia. Kuna mtu ataona bustani iko karibu na ataelekeza kipaipu chake humo usiku, na kuanzia hapo sakafu haikauki tena. Ukiona kona moja ina kijani cha kung'aa mwezi wa nane wakati kwingine kumekauka, fuata kipaipu.

Na kama maji yamesimama zaidi ya siku mbili, usisubiri. Mbu anahitaji kama wiki moja hadi siku kumi kutoka yai mpaka kuruka, kwa hiyo muda unao ila siyo mwingi. Toa maji kwa kufungua mlango wa kutokea kwa jembe, acha sakafu ikauke, kisha kwangua sentimita 2 au 3 za juu: mara nyingi utakuta ukoko laini wa tope unaobanduka vipandevipande kama vigae, na huo ndo uliokuwa umeziba. Tifua palipo wazi kati ya mimea, rudisha mlango kwenye urefu wake, jaza ndoo chache upime tena kwa kijiti. Ikishuka sentimita 1.5 kwa saa, endelea. Ikigoma hata baada ya kukwangua, shusha mdomo wa kutokea uwe sentimita 10, maji yasimame kidogo na mengine yapite.